Mguu Niliokereza kwa Mti Mbichi

Wanangu mnaojifunza useremala, mwalimu wenu alipokuja hapa Murungu kuniomba niwaandikie, alisema, "Mama Leokadia, waandikie chochote kuhusu kukereza, ila usiwaogopeshe." Nikamwambia nitajaribu. Nimeshavuka miaka sabini, magoti yananiuma kila wingu linapokusanyika upande wa Burundi, na karakana niliiaga siku nyingi. Lakini mikono bado inakumbuka. Nikishika kikombe cha chai najikuta nakizungusha taratibu, natafuta mahali fundi wake alipokosea.

Kwa wale ambao bado hawajasimama mbele ya kerezo: ni mashine inayokishika kipande cha mti ncha zote mbili na kukizungusha, nawe unakigusa kwa patasi mpaka kinakuwa duara. Miguu ya viti, mabakuli, nguzo za vitanda, vyote hutoka hapo. Ninyi mnabonyeza kitufe. Sisi pale Kasulu, katika karakana ya misheni, tulikuwa na kerezo la kukanyaga kwa mguu, limefungwa gurudumu zito lililotolewa kwenye mashine mbovu ya kusaga mahindi. Mguu wangu wa kulia mpaka leo ni mnene kuliko wa kushoto. Marehemu mume wangu alikuwa akisema ameoa wanawake wawili, mmoja kila upande.

Sikuingia pale kama fundi. Niliingia kufagia maranda, nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Fundi mkuu alikuwa Mzee Bernado, aliyevuka mpaka kutoka Burundi zamani na baadaye akapata uraia. Kiswahili chake alikisema polepole, kimechanganyika na cha kwao, na mikono yake ilikuwa myeusi kama imechovywa kwenye wino. Siku moja nikamwambia, "Mzee, leo mti wako una maji mengi."

Akasimamisha gurudumu. "Umejuaje? Hata kuugusa hujaugusa."

"Maranda hayafagiliki. Yamenata sakafuni."

Akaniangalia kwa muda, halafu akaninyooshea patasi. "Njoo, mwana wanje. Buhoro." Mwana wanje kwao ni mwanangu, na buhoro ni polepole. Ndilo neno la kwanza alilonifundisha, na ndilo nililochelewa kuliko yote kulielewa.

Sasa niwaambie kuhusu mti mbichi, maana najua mtaupenda. Kila anayejifunza huupenda. Mti uliokatwa jana unakatika kama ndizi mbivu. Maranda yanatoka marefu, yanakuangukia begani kama utepe, na maji ya mti yanakurukia usoni. Hakuna vumbi, patasi haichoki, na jioni una mabakuli sita mezani yanang'aa. Unaenda nyumbani ukijiona fundi. Wiki ya pili unarudi, mawili yamepasuka, moja limekuwa na umbo la yai, na jingine limejikunja ukingo kama mtu aliyeonja shubiri.

Sababu ni hii. Mti una maji ndani yake, na maji yakitoka mti unasinyaa. Lakini hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi zake haupungui hata kidogo cha kuonekana. Kwa upana unapungua, tena upande mmoja zaidi ya mwingine. Ndiyo maana duara la mti mbichi haliwezi kubaki duara. Hiyo mkariri hata mkiwa mnakula, kwa sababu mbele huko nitawaeleza jinsi ilivyonifunga mdomo.

Mzee Bernado alikuwa na njia yake ya kukausha, na sijaona iliyo bora kwa mtu asiye na tanuri. Gogo tulilikata kiangazi. Tulilipasua katikati siku ileile na kuuondoa moyo wa mti, maana nyufa huanzia kwenye moyo. Ncha tulizipaka nta ya nyuki, ile inayotoka Kibondo baada ya asali kukamuliwa, kwa kuwa maji hukimbilia kutokea kwenye ncha na mahali yanapotoka kwa haraka ndipo panapopasuka. Bakuli tulilikereza mara ya kwanza likiwa nene, upana wa kidole gumba au zaidi, baya la kutazama. Kisha tukalizika kwenye gunia pamoja na maranda yake lenyewe, gunia likakaa kivulini, juu ya mbao, mbali na ardhi. Maranda yakilowa tunayabadilisha. Kila mwezi tunalipima kwenye mizani ya duka la jirani. Likiacha kupungua uzito, limekauka. Hapo ndipo unalirudisha kwenye kerezo na kulikereza mara ya pili, sasa kwa uzuri. Miezi minne, mitano, wakati mwingine saba.

Watu huuliza kwa nini tusilianike juani. Anikeni, mtaona. Jua hukausha ngozi na kuacha tumbo bichi, na bakuli hupasuka kwa mlio mtakaodhani ni tofali limeangushwa.

Makosa yangu ya kwanza yalikuwa ya kuchekesha. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi, mkewe akaniagiza kibweta cha sukari chenye kifuniko. Nilikikereza kiangazi, kifuniko kikaingia kwa mlio mdogo wa kupendeza, yule mama akafurahi. Mvua zilipoanza kunyesha, mti ukanywa unyevu wa hewa, kifuniko kikavimba na kukwama. Walijaribu kisu, walijaribu mvuke wa birika. Mwishowe mwalimu mwenyewe aliniletea kibweta kizima, kinalia shaka-shaka ndani, akasema, "Dada, tumekunywa chai ya chumvi wiki nzima. Tufungulie sukari yetu." Nilikifungua kwa msumeno.

Kosa jingine lilikuwa mafuta. Niliona kung'arisha kwa nta ni kazi ndefu, nikapaka mabakuli kumi na mawili mawese. Yalipendeza, mekundu kama jua la asubuhi. Panya wa karakana nao wakayapenda. Tangu hapo, nta tu.

Kosa la tatu halikuchekesha mtu, nalo ndilo nililokusudia kuwaandikia.

Nilikuwa na miaka sita kwenye kerezo, na watu walishaanza kuniita fundi. Hospitali ya misheni ilikuwa na daktari mgeni kutoka Mbeya, mtu wa huruma, aliyekuwa akituletea vipimo vya wagonjwa waliokatwa miguu. Miguu ya bandia ya kisasa ilikuwa mbali, mijini huko, na nauli peke yake iliwashinda watu. Kwa hiyo tulitengeneza ya mti. Juu panakaa kichwa, kipande kinene kilichochongwa kama kikombe ili kipokee kigutu, na fundi viatu anakishonea ngozi na mikanda. Chini ya kichwa linatobolewa tundu, na ndani ya tundu unaingia ulimi wa nguzo. Nguzo ndiyo inayofika chini. Kichwa na nguzo vyote vinatoka kwenye kerezo.

Siku moja daktari alikuja na mwanamke wa makamo, mrefu, amejiegemeza kwenye magongo mawili. Aliitwa Spesioza, anatoka Gwarama. Alikuwa mjane. Misimu miwili nyuma nyoka alimuuma akipalilia, kidonda kikaoza, wakamkata chini ya goti. Alikaa kwenye benchi letu akaeleza shida yake bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

"Shamba alilotuachia marehemu halijalimwa misimu miwili," alisema. "Shemeji yangu Ladislaus anasema shamba lisilolimwa linarudi kwa ukoo. Wazee wamenipa msimu huu mmoja. Mvua ikinyesha nisipopanda, anapanda yeye. Nina watoto watatu, mama. Nitawaweka wapi?"

Aliniita mama, nami nilikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano.

Mzee Bernado hakuwepo. Alikuwa Muyama kwenye msiba wa ndugu wa mkewe, na angekaa wiki mbili. Ghalani tulikuwa na kichwa kimoja kikavu cha mninga, tayari kimetobolewa tundu. Nguzo kavu haikuwepo hata moja. Zote zilikwisha kutumika. Kilichokuwepo ni mninga uliokatwa wiki tatu nyuma, bado unatoa maji ukiubana.

Nilijua. Hilo naomba mlielewe, sikukosa kwa kutojua. Nilimwangalia yule mama, nikaangalia nje nikaona mawingu ya kwanza ya msimu, nikajiambia: nguzo nene haiwezi kudhurika. Nikajiambia pia, na hili ni gumu zaidi kuliandika, kwamba Mzee akirudi akute nimefanya kazi kubwa peke yangu.

Niliikereza siku hiyohiyo. Maranda yalitoka marefu. Ulimi ukaingia kwenye tundu kwa kubana sana, nikaupiga nyundo ya mti mara tatu na kuutia gundi. Spesioza akafunga mikanda, akasimama, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Akaweka magongo yake chini ya benchi.

"Unaniuma kidogo," alisema, "lakini ni maumivu ya kusimama. Nilikuwa nimeyasahau." Aliyaacha yale magongo palepale, akaondoka na basi la Kibondo asubuhi iliyofuata.

Mzee Bernado aliporudi aliniuliza kazi zilivyokwenda. Nikamweleza habari za Spesioza. Akauliza, "Nguzo umeitoa wapi?"

"Ghalani," nikasema. Halikuwa jibu la uongo, na lilikuwa uongo.

Wiki tano zikapita. Mvua ilishashika. Asubuhi moja akaingia mtu aliyetoka Gwarama na gunia. Akalikung'uta, ukaanguka sakafuni mguu wa Spesioza, vipande viwili, kichwa huku na nguzo kule. Ngozi ilikuwa na matope makavu.

"Mama Spesioza anawasalimu," alisema. "Alikuwa anashuka mlima na debe la mbegu kichwani, mguu ukachomoka. Ameanguka, amevunjika mkono wa kulia. Anasema mumsamehe, ameuvunja mguu wenu. Anauliza kama inawezekana kuugundisha tena."

Mumsamehe. Ametuma mtu safari ya siku nzima kutuomba radhi.

Mzee Bernado akaokota nguzo. Akaupapasa ulimi kwa kidole gumba, akauingiza kwenye tundu. Ukaingia wenyewe, ukacheza kama kijiko kwenye sufuria. Akautoa tena.

"Mti huu ulikuwa na miezi mingapi?"

"Minne, Mzee."

Alikwenda kwenye rafu akachukua bikari yake ya kupimia unene, akaubana ulimi, akanionyesha. Kisha akauzungusha robo mzunguko, akaubana tena. Bikari ikalegea kwa unene wa ukucha.

"Mti mkavu ukikerezwa duara unabaki duara," alisema. "Huu ulikuwa duara siku ulipoukereza. Sasa ni yai. Umekaukia ndani ya mguu wa mtu, Leokadia."

Nikasema ukweli. Niliusema wote, pamoja na ile sehemu ya kutaka asifie kazi yangu. Yule mjumbe wa Gwarama alikuwa amesimama palepale anasikiliza, na sikuomba atoke.

Nilitegemea kufukuzwa. Mzee Bernado akavuta kigoda akakaa. Alikuwa amechoka usoni, si mkali. "Mimi nami nilipokuwa kijana nilimkerezea mama mmoja kitanda cha mtoto," alisema. "Mti mbichi. Miguu ililegea. Mtoto hakuumia sana, lakini kovu liko kwenye paji la uso wake, na nilimwona nalo kanisani kila Jumapili mpaka nilipokimbia nchi." Akainuka kwenye kigoda. "Sasa tufanye kazi. Huzuni yako haitamsimamisha."

Hapo ndipo aliponifundisha jambo ambalo hata sasa mafundi wengi hawalijui. Nilikuwa nimeunganisha kinyume. Nilitia ulimi mbichi kwenye tundu kavu: tundu lilibaki lilivyo, ulimi ukasinyaa, ukatoka. Fanya kinyume chake. Ulimi uwe mkavu kabisa, na kichwa chenye tundu kiwe bado na ubichi kidogo. Kichwa kikikauka, tundu linasinyaa na kuukaba ulimi. Hata gundi huihitaji. Ubichi wa mti, uleule uliomwangusha Spesioza, ndio utakaomshikilia.

Nguzo tuliitoa kwenye mguu wa benchi kuukuu la kanisa, mvule uliokaliwa na waumini tangu kabla sijazaliwa. Niliukereza mwenyewe. Ulikuwa mgumu, patasi niliinoa mara nane, na maranda hayakuwa utepe, yalikuwa unga. Kisha Mzee akapasha mchanga kwenye sufuria jikoni, tukaufukia ulimi humo siku mbili, tukiupasha tena kila ulipopoa, ili unyevu wa mwisho utoke. Kichwa tulikikereza kwa mninga wa wiki chache, mnene, usio na moyo, ncha zake tukazipaka nta ili ukaukaji usiwe wa kasi ukakipasua. Tukaupigilia ulimi ndani ukiwa bado na joto.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa wiki tatu. Haondoki nao mtu kabla ya wiki tatu."

"Mzee, wiki tatu msimu wa kupanda umekwisha. Shamba litakwenda."

Akaniangalia kama alivyoniangalia siku ile ya maranda. "Wewe una mikono miwili na miguu miwili," alisema. "Na jembe si zito kuliko patasi."

Kwa hiyo nilikwenda Gwarama. Nilifika na jembe jipya na vitenge viwili, nikaelekezwa nyumba ya Spesioza. Nilimkuta amekaa kwenye jamvi barazani, mkono wa kulia una plasta, mguu uliobaki ameunyoosha, anachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Nilipiga magoti nikamwambia mguu haukuvunjika kwa kosa lake. Nikamweleza mti ulikuwa mbichi na nilikuwa najua.

Aliendelea kuchambua maharage. Nilitamani anitukane.

"Nilidhani ni mimi," alisema mwishowe. "Nilidhani nimebeba kizito kuliko mtu mwenye mguu wa mti anavyoruhusiwa. Nimekaa hapa nikijilaumu." Akasukuma ungo pembeni. "Umekuja na jembe. Unajua kulima, au unajua kukereza tu?"

"Nimezaliwa Murungu, mama. Najua."

"Tutaona."

Hakuna msimamizi aliyewahi kunisumbua kama yule mama. Watoto wake wawili wakubwa walimbeba kwenye kiti mpaka pembeni mwa shamba kila asubuhi, naye akakaa pale na fimbo, anaamuru. "Mstari wako umelewa, dada. Rudi nyuma." "Mashimo gani hayo, unazika mbuzi?" Mikono niliyodhani ni migumu kwa kazi ya patasi ilipasuka malengelenge siku ya pili. Mchana tulikula pamoja, ugali wa muhogo na maharage, na taratibu ukali wake ukalainika ukawa utani. Siku ya nne alinipaka mafuta viganjani yeye mwenyewe, kwa mkono mmoja.

Wiki ya pili Ladislaus akaja, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Nilikuwa nimemwaza kama jitu. Alikuwa mwanamume mfupi, shati limefungwa mpaka shingoni, uso wa mtu asiyelala vizuri. Aliniuliza, "Wewe ni nani unayelima shamba la kaka yangu?"

"Mimi ndiye niliyetengeneza mguu uliomwangusha shemeji yako."

Mwenyekiti akamgeukia Spesioza. "Wazee walisema shamba lilimwe na mwenye nyumba. Nani analilima?"

"Mimi," Spesioza akajibu kutoka kwenye kiti chake. "Mkono wangu umefungwa plasta, mnauona. Huyu ndiye mkono wangu kwa sasa."

Mwenyekiti akatembea mpaka kati ya shamba, akahesabu mistari kwa macho, akachimbua shimo moja kwa kidole akaona mbegu imeshachipua. "Mahindi yamewahi," alisema. "Wewe Ladislaus, ya kwako yamefikia wapi?" Ladislaus hakuwa amemaliza hata kupanda. Alikuwa na mke mgonjwa na hakuwa na msaidizi. Hilo nililijua baadaye, na lilinifanya nipunguze kumchukia.

Siku ya ishirini na mbili Mzee Bernado alishuka kwenye gari la mizigo, na uzee wake wote, ameupakata mguu kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Alinikataza kuushika. Alimtafuta Ladislaus, akamwomba aje, na mbele ya watu wa pale akampa ule mguu.

"Wewe una nguvu," alimwambia. "Vuta. Ukichomoka, usimpe shemeji yako."

Ladislaus alivuta. Alikikanyaga kichwa chini, akaishika nguzo kwa mikono miwili, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akaupinda huku na huku. Akapumzika, akavuta tena. Nilimwona anavuta kwa haki, kama mtu anayetaka kweli kujua. Mwishowe akaupangusa kwa shati lake, akaenda akapiga goti na kuuweka mbele ya Spesioza.

"Hautoki, shemeji," alisema. "Nimejaribu."

Spesioza alifunga mikanda. Ardhi ilikuwa tope la mvua ya jana. Alisimama, akasubiri, halafu akaanza kushuka kwenye mstari kati ya mahindi machanga, polepole, nguzo ikizama na kung'oka, ikizama na kung'oka. Alifika mpaka wa chini, akageuka, akapandisha. Hakuanguka. Jioni hiyo Ladislaus alimwomba shemeji yake ampe watoto wamsaidie kupanda kipande kilichobaki cha shamba lake mwenyewe, naye Spesioza akawaruhusu, na kunituma mimi pia. Nikaenda. Mistari yangu ilikuwa imenyooka kufikia wakati huo.

Miaka imekwenda. Mzee Bernado tulimzika Kasulu. Patasi zake nilizirithi mimi, na nilipostaafu niliziacha karakana. Umeme ulikuja, kerezo la kukanyaga likawekwa pembeni. Vijana wakajenga kibanda cha karatasi ya nailoni kinachokausha mbao kwa joto la jua kwa wiki chache, na kinafanya kazi vizuri, mkijua kuyafungua matundu yake ya hewa buhoro siku za mwanzo. Sina ugomvi na vitu vipya. Mtu akiweza kukausha kwa wiki sita kilichonichukua miezi sita, namshukuru Mungu kwa ajili yake. Ila pimeni. Mashine ikisema mti umekauka, pimeni tena kwa mizani, na mkiwa na haraka pimeni mara ya tatu, kwa sababu haraka ndiyo inayosoma mizani vibaya.

Spesioza alikuwa akija Kasulu kila kiangazi niukague mguu. Nilimbadilishia ngozi mara nyingi, na ncha ya chini niliivalisha mpira wa tairi. Kiungio sikukigusa. Mara ya mwisho alipokuja niliisikia sauti yake mlangoni kabla sijamwona, halafu nikashangaa kwa nini sisikii mlio wa nguzo kwenye sakafu. Aliingia amevaa viatu viwili. Mwanawe, ambaye sasa ni nesi, alikuwa amempeleka mjini akapewa mguu wa kisasa, wa plastiki, wenye kifundo kinachopinda, rangi ya ngozi ya mtu.

Nilifurahi, na ndani yangu kitu kikashuka kidogo, nisiwadanganye. Nikauzunguka, nikaupapasa. Kazi safi. Nikamwambia, "Basi, mama, umeachana na mimi."

Akaketi kwenye benchi, akafungua kifurushi cha kitenge, akatoa mguu wangu wa mti, ngozi imechanika.

"Huu wa plastiki ni wa kanisani," alisema. "Nishonee wa shambani, mvua ziko karibu."